Bonde la Spiti, Himalaya: Jinsi ya Kupanda, Kulala na Kutoka Bila Kuugua

Kila Juni, theluji ikianza kuachia barabara, simu yangu hupokea ujumbe wa aina moja. Mwanafunzi yuko Pune au Chandigarh, au mtu kamsindikiza mgonjwa Delhi akabakiwa na wiki mbili mkononi. Kaona picha za Spiti, bonde la kaskazini mwa India ambalo mji wake mkuu ni Kaza, kaenda. "Kaka, tumefika Kaza jana jioni. Leo siwezi kuinua kichwa, nimetapika mara nne. Tufanyeje?" Nami huuliza swali moja: mmepitia wapi? Karibu kila mara jibu ni Manali.

Wanapitia Manali kwa sababu njia ya pili, ya Shimla, humdai mgeni kibali, na Manali haidai. Wanakwepa nusu siku ya foleni, halafu wanailipa kwa mapafu. Siwacheki, kwani safari yangu ya kwanza nilifanya vivyo hivyo.

Mwongozo huu unafuata njia moja tu: kuingilia Shimla, kutokea Manali. Ni siku 13 kutoka Delhi hadi Delhi, na siku 2 za akiba. Kama una siku saba, Spiti iache. Nenda Kalpa, kijiji cha njia ya Shimla, ule tufaha, uangalie theluji kwa mbali, urudi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

Nyaraka

- Pasipoti na viza ya India. Viza ya mtandaoni huombwa kwenye tovuti ya serikali, indianvisaonline.gov.in. Tovuti za madalali zinazofanana nayo ni nyingi, na hutoza zaidi.
- Kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano iwe imepigwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Anayetoka Kenya au Uganda bila kadi anaweza kuwekwa karantini. Hata kama nchi yako haidaiwi, ibebe, maana afisa huangalia pia ulikopita.
- Kopi sita za ukurasa wa picha wa pasipoti, kopi sita za viza, na picha ndogo sita. Toa kopi hizo Delhi. Huko juu umeme ukikatika, steshenari nayo imefungwa.
- Bima ya safari. Soma kipengele cha mwinuko, kwa sababu baadhi huishia mita 3,000 au 4,000, na wewe utapita mita 4,551.

Dawa

- Acetazolamide, inayojulikana zaidi kwa jina la Diamox. Muone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru.
- Dawa ya maumivu ya kichwa, dawa ya kuzuia kutapika, na pakiti za ORS.
- Kipima oksijeni cha kidole, kile kidude kilichozagaa wakati wa korona. Kimoja kinatosha kundi zima.
- Losheni ya jua na mafuta ya midomo. Najua tunavyosema, kwamba losheni ni ya Wazungu. Subiri siku ya nne midomo ipasuke, ushindwe hata kucheka.

Nguo. Usinunue dukani. Koti la manyoya ya bata, suruali ya ndani ya kubana, kofia ya sufu na glavu vyote vipo mitumbani, Karume au Gikomba, kwa bei ambayo Manali hutaipata. Usiku wa Agosti kule juu ni baridi ya kufunga zipu hadi kidevuni. Ongeza tochi, chupa ya chai inayohifadhi joto, pawabenki, na chupa mbili za maji za lita moja.

Pesa. Beba rupia taslimu za safari nzima, na za siku tatu zaidi. Kaza kuna ATM, ila ikiishiwa au mtandao ukilala, hapana benki nyingine ya kukimbilia. Wenyeji hulipana kwa simu. Wewe bila akaunti ya huko utabaki kuangalia.

Afya yako mwenyewe. Hapa sitazunguka. Mwenye ugonjwa wa selimundu asiende. Na kama unabeba kinasaba tu, bila kuugua, bado kuna hatari: hewa pungufu imewahi kuharibu wengu wa watu wa namna hiyo milimani. Miongozo mingi ya Himalaya haiandikwi kwa kutufikiria sisi, kwa hiyo jambo hili hulioni. Pima kabla ya kukata tiketi. Mjamzito, mwenye moyo au pafu lenye historia, na mwenye shinikizo lisilotulia, nao waanzie kwa daktari.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi, halafu chagua mlango

Spiti ina milango miwili.

Wa kwanza ni Shimla, kupitia wilaya ya Kinnaur: kilomita 420 na ushee hadi Kaza. Barabara hupanda kidogo kidogo kufuata mto, na hupitika karibu mwaka mzima, ingawa maporomoko huifunga kwa saa au siku kadhaa.

Wa pili ni Manali: kama kilomita 200 tu. Handaki la Atal, lenye urefu wa kilomita 9, lilifunguliwa Oktoba 2020 na kuondoa usumbufu wa kupanda kipito cha mlima cha Rohtang. Lakini baada yake bado kuna kipito kingine, Kunzum, mita 4,551, ambacho kwa kawaida huwa wazi kuanzia Juni hadi Oktoba.

Mtu akitazama ramani anasema: kilomita 200 dhidi ya 420, hesabu imekwisha. Haijaisha. Manali ni mita 2,050, Kaza ni kama 3,650. Utakuwa umepanda mita 1,600 kwa siku moja, ukiwa umekaa kitini.

Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atanielewa haraka. Kaza iko karibu usawa mmoja na Horombo, mita 3,720. Ila Horombo unafika kwa miguu siku ya pili, ukiwa umeshalala Mandara, na mpagazi anakwambia pole pole kila dakika. Kwenye jeep ya Manali hapana wa kukwambia pole pole.

Tena kuna jambo ambalo ramani haikuonyeshi kabisa. Kaza ni kama chini ya bakuli. Dawa ya kweli ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka. Sasa umelala Kaza, kichwa kinapasuka, unataka kushuka kwa kurudi ulikotoka, Manali. Huwezi kushuka kabla ya kupanda: mita 900 zaidi hadi Kunzum, ndipo uteremke. Upande wa Kinnaur nako ni kilomita 200 hadi mji wa Reckong Peo.

Ndivyo tulivyonaswa mimi na mwenzangu. Usiku wa kwanza Kaza alianza kuongea maneno yasiyofuatana. Kipima oksijeni cha daktari kikasoma 74. Daktari akasema ashushwe. Upande mmoja kuna Kunzum, upande wa pili ardhi imeporomoka barabarani tangu jana yake. Akalala na mtungi wa oksijeni siku mbili, mimi pembeni nimeshika beseni. Alipona. Ila tangu hapo kilomita za ramani sizihesabu. Nahesabu usiku nitakaolala na mita zake.

Mwezi: Septemba ndio bora. Mvua za masika ya India, Julai na Agosti, hazifiki sana Spiti kwenyewe kwa sababu milima huzizuia, lakini humwagika juu ya barabara zote mbili za kuingilia. Na usidhani Julai ni salama kwa theluji: Julai 2023 watalii zaidi ya 200 walikwama kwenye kambi za ziwa Chandratal kwa theluji iliyoanguka nje ya msimu. Majira ya baridi ni ya watu wanaofuata chui wa theluji kijijini Kibber. Huko ni nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, na si safari ya kwanza ya mtu yeyote kutoka pwani.

## Hatua ya 2: Delhi hadi Kalpa, usiku wa 1 hadi wa 3

Delhi hadi Shimla kuna mabasi mengi, ya mchana na ya usiku, kutoka stendi ya Kashmiri Gate. Lala Shimla usiku mmoja. Ni mita 2,200 hivi, mwili hautalalamika.

Tahadhari ndogo inayokosesha watu basi: tiketi ikisema 7:00, ni saa moja asubuhi, wala si saa saba. Unacheka, lakini ukiwa umetoka kitandani alfajiri ubongo hurudi kwenye saa za nyumbani. Na India iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Hiyo nusu huchanganya simu zisizojirekebisha zenyewe.

Siku ya pili panda basi la serikali, HRTC, hadi Reckong Peo. Ni mwendo wa saa nane hadi kumi. Kama tumbo lako halipendi kona, meza dawa kabla ya kuondoka. Ukianza kutapika umeshachelewa. Kaa mbele.

Usilale Peo kwenyewe. Panda taksi hadi Kalpa, kijiji kilicho juu yake, mita 2,960. Sababu ni mbili. Ya kwanza, kila mita unayolala hapo ni mita uliyoivuna bila maumivu. Ya pili, utaamka ukute mlima Kinner Kailash, mita 6,050, umesimama mbele ya dirisha, na chini yake mashamba ya tufaha. Ukifika Septemba mavuno yameanza, na mwenye nyumba atakupa tufaha hata kabla hujauliza bei ya chumba.

Kalpa utalala usiku mbili. Usipunguze. Siku ya katikati ndiyo ya kibali.

Utajuaje umefaulu: umelala vizuri, na asubuhi umemaliza sahani. Kipimo cha sahani kishike, tutakitumia hadi mwisho.

## Hatua ya 3: Kibali

Kati ya Jangi, juu kidogo ya Reckong Peo, na Sumdo, mlango wa Spiti, barabara inapita karibu na mpaka wa Tibet. Mgeni yeyote mwenye pasipoti isiyo ya India lazima awe na kibali cha eneo lililolindwa. Viza ya mwanafunzi haikuondolei sharti hili, hata kama umekaa India miaka minne na Kihindi unakisema kama muuza chai.

Kibali hutolewa Reckong Peo. Fanya hivi:

1. Fika siku ya kazi. Jumapili ofisi imefungwa, na Jumamosi usiitegemee. Panga safari yako kutoka Delhi ukihesabu kurudi nyuma kuanzia siku hii. Anayeanza Alhamisi hufika Kalpa Ijumaa jioni na kukuta wikiendi inamsubiri.

2. Tafuta mwenzako kwanza. Kwa kawaida kibali hutolewa kwa wageni wawili au zaidi kwa pamoja. Ukiwa peke yako, wakala mmojawapo wa pale sokoni hukuunganisha kwenye fomu na msafiri mwingine. Wengi hupata mwenza saa hiyo hiyo, kwa kuwa wote mnasubiri kitu kimoja. Ukifika jioni ya kuamkia, ulizia kwenye nyumba za wageni Kalpa. Mimi nilipata mwenza mezani, tukigombania chupa ya achari.

3. Ingia asubuhi na mapema na nyaraka zote: pasipoti halisi, kopi zake, kopi za viza, picha. Utajaza fomu, utaandika njia utakayopita, na mara nyingi utapigwa picha hapo hapo.

4. Kwenye njia, andika Nako, Tabo na Kaza, hata kama Nako hutalala. Usichokiandika hukipati.

5. Kibali kikitoka, kisome kabla ya kuondoka dirishani: namba ya pasipoti, herufi za jina, tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Kosa la herufi moja ni la dakika tano ofisini. Kwenye kizuizi cha barabara cha Jangi, kosa hilo hilo ni la kurudi nyuma.

6. Toa kopi tano. Kwenye vizuizi hutoa kopi, wala hutoi kibali chenyewe.

Kazi yote ni nusu siku, pengine siku nzima. Mchana unaobaki tembea taratibu hadi kijiji cha Roghi, ng'ambo kidogo ya Kalpa, urudi. Kama umekubaliana na daktari kutumia Diamox, siku hii ndiyo ya kuianza. Kipimo cha kinga cha kawaida ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni. Utakojoa sana, vidole vitawasha kama umelalia mkono, na soda itakuwa na ladha ya bati. Hayo ndiyo madhara yake ya kawaida.

## Hatua ya 4: Kalpa hadi Tabo, usiku wa 4 na wa 5

Basi la HRTC kwenda Kaza huondoka Peo asubuhi na mapema. Kuna pia jeep za kuchangia. Ukitaka starehe ya kusimama utakapo, changeni taksi watu wanne.

Hapa ndipo watu hukosea mara ya pili, hata walioingilia Shimla. Wanalala Nako. Nako ni pazuri, ina ziwa na nyumba za mawe, lakini ni mita 3,625. Kutoka Kalpa ni mruko wa mita 665. Kanuni ya wapanda milima ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya usiku mmoja na unaofuata. Kwa hiyo Nako shuka, kunywa chai, piga picha, endelea. Lala Tabo, mita 3,280.

Njiani utaona pale Khab, mto Spiti unapoingia Sutlej, maji ya rangi mbili. Kuanzia hapo miti inatoweka. Milima inabaki mitupu, rangi ya udongo wa chungu, na barabara imechongwa kwenye ubavu wa jabali.

Tabo pumzika siku nzima. Nyumba ya watawa ya hapo ilianzishwa mwaka 996, na kuta zake za udongo zina michoro ambayo sijui kuielezea. Ndani ni giza kwa makusudi, ili rangi zisififie. Nenda na tochi. Kupiga picha ndani ni marufuku. Zungukeni kila kitu kitakatifu, hekalu au ukuta wa mawe yaliyoandikwa sala, kikiwa mkono wako wa kulia.

Neno moja litakufungulia kila mlango kuanzia hapa: *juley*. Ni hodi, ni asante, ni kwaheri.

Tahadhari: katika siku mbili za kwanza juu ya mita 3,000 usiguse arak wala chhang, pombe za shayiri za huko. Zinapunguza pumzi usingizini, wakati hewa yenyewe haitoshi. Maji, lita tatu kwa siku.

## Hatua ya 5: Kaza, usiku wa 6 hadi wa 8

Tabo hadi Kaza ni kilomita 47. Njiani kata kuelekea Dhankar, mita 3,894, ujenzi uliokaa kwenye ncha ya mwamba kama kiota, halafu teremka ulale Kaza. Kupanda mchana na kulala chini ni mazoezi ambayo mwili huyapenda.

Kaza kuna hospitali ndogo, kituo cha mafuta, soko na mtandao wa simu. Siku ya kwanza usifanye lolote la maana. Hewa unayovuta pale ina kama theluthi mbili tu ya oksijeni ya Dar es Salaam au Mombasa, ndiyo maana ngazi kumi zinakuhemesha.

### Kila asubuhi na kila jioni, jikague

Mkaguane wawili wawili, kwa sababu mgonjwa ndiye wa mwisho kukiri.

*Kawaida:* kuhema ukipanda ngazi, kuamka mara mbili usiku, kichwa kizito kinachoisha kwa maji na dawa. Endelea, usipande zaidi leo.

*Ugonjwa umeanza:* kichwa kinauma pamoja na kichefuchefu, uchovu au kizunguzungu, na sahani inarudi jikoni haijaguswa. Usiongeze mita hata moja. Lala ulipo. Kama kesho yake si nafuu, shuka Tabo.

*Hatari ya kifo:* mtu anayumba kama mlevi, anaongea ovyo, anahema akiwa amelala, anakohoa povu lenye rangi ya waridi. Hospitali sasa hivi, oksijeni, na kushuka kwa njia ya Kinnaur hata kama ni usiku. Msimwache alale "aone kesho".

Jaribio langu ni hili: mwambie atembee hatua kumi, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma, juu ya mstari wa sakafu. Akishindwa, mjadala umekwisha.

Kipima oksijeni kitakutisha, kwa hiyo zijue namba. Kaza mtu mzima wa afya huweza kusoma 88 au 90, namba ambazo Dar zingemkimbizia hospitali. Cha kuangalia ni mtu ambaye namba yake inashuka wakati za wenzake zinapanda.

## Hatua ya 6: Vijiji vya juu, usiku wa 9

Sasa umeimaliza kazi ngumu, na mambo ni mepesi. Changeni taksi ya siku moja: Langza, Hikkim, Komic, kurudi Kaza.

Langza, mita 4,400, ina sanamu kubwa ya Buddha inayotazama bonde, na ardhi yake imejaa viumbe wa baharini wenye kombe kama la konokono, waliogeuka jiwe, kwa kuwa milima hii ilikuwa sakafu ya bahari. Watoto watakuuzia. Usinunue, acha vibaki huko. Hikkim ina posta inayofanya kazi tangu 1983, kwenye nyumba ya udongo, juu kuliko kambi nyingi za Kilimanjaro. Andika kadi mbili, moja jiandikie mwenyewe. Yangu ilinikuta nyumbani nimeshasahau nilichoandika. Komic, mita 4,587, utakaa nusu saa kisha baridi ikufukuze.

Siku ya tisa nenda Key, nyumba ya watawa kubwa kuliko zote Spiti, halafu ulale Kibber, mita 4,270. Ndiyo, ni mruko wa zaidi ya mita 500. Unaruhusiwa kwa sababu umeshalala Kaza usiku tatu. Kama sahani ya jana ilirudi na chakula, lala Kaza, Kibber uende mchana.

Vijijini utalala nyumbani kwa wenyeji. Chakula ni thukpa, yaani tambi kwenye mchuzi. Momo, ambazo ni binamu wa sambusa zilizopikwa kwa mvuke. Na tsampa, unga wa shayiri iliyokaangwa, unaokandwa kwa chai ya siagi na chumvi. Bibi aliyenikaribisha Kibber aliponiona nakanda tsampa kwa mkono, natengeneza tonge na kulibonyeza kwa kidole gumba kama la ugali, aliwaita majirani waje kuona. Dengu hupikwa kwa jiko la presha tu. Maji hapo huchemka kabla ya kufika nyuzi 90, na maharage ya sufuria ya kawaida hayaivi hata ukae kutwa.

Choo ni shimo kavu, ghorofani, na kando pana rundo la udongo na sepetu. Ukimaliza, tupia udongo. Usimwage maji wala kutupa plastiki, maana mbolea hiyo inakwenda shambani kwao. Kwa sisi tuliolelewa na kopo la maji hili lina ugumu wake: tumia maji yako kidogo nje ya shimo, kwenye beseni, ukamwage mbali na shamba.

## Hatua ya 7: Kutoka kupitia Kunzum na Chandratal, usiku wa 10 na wa 11

Kabla ya kupanda kulala Kibber, uliza madereva stendi ya Kaza kama Kunzum iko wazi. Uliza watatu. Majibu yakitofautiana, amini la aliyefika karibuni zaidi kutoka Manali.

Kambini Chandratal, mtakakolala usiku wa 10, ondokeni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Sababu si kuwahi. Kati ya Batal na Gramphu, kama kilomita 50, barabara ni mawe matupu, na vijito vya theluji inayoyeyuka hukatiza juu yake. Asubuhi maji ni ya kifundo cha mguu. Jua likishapiga barafu mchana kutwa, jioni kijito hicho hicho kinasukuma gari. Kimoja wanakiita Pagal Nala, kijito kichaa.

Juu ya Kunzum dereva atazungusha gari kuzunguka hekalu dogo kabla ya kuendelea. Usimharakishe.

Lala kwenye kambi za Chandratal, mita 4,250 hivi. Kupiga hema ufukweni mwa ziwa hakuruhusiwi. Kambi ziko mbali kidogo, na ziwa unalifikia kwa miguu. Nenda saa ya jua kuchwa, vaa kila ulichonacho. Simu haishiki, kwa hiyo waage nyumbani ukiwa bado Kaza, uwaambie utapatikana tena kesho yake jioni. Wasipoambiwa, watapiga simu ubalozini.

Kama Kunzum imefungwa: usisubiri zaidi ya siku zako mbili za akiba. Rudi Kinnaur. Hapo ndipo zile kopi zinazobaki na tarehe ya mwisho ya kibali vinapokuwa na thamani. Kama kibali kimeisha, kingine huombwa ofisini Kaza kabla ya kuondoka, kabla hujafika kizuizini Sumdo.

Kesho yake utapita vijito, Gramphu, halafu handaki. Unaingia upande wa jangwa la mawe, dakika kumi na tano baadaye unatokea kwenye misonobari na mvua. Masikio yanazibuka. Manali usiku huo nilikaa na mwenzangu yule yule, wa mtungi wa oksijeni, aliyekubali kurudi Spiti kwa sharti kwamba tuingilie Shimla. Alikula chapati nne na wali, akaitazama sahani yangu, akauliza kama ile dengu nimeiacha au napumzika.